Je, Wajua Kwa Nini Jirani wa Adui Yako Ndiye Mshirika Bora?

Ukifungua gemu la Europa Universalis IV na kuchagua kucheza kama Malindi, kalenda inaanza tarehe 11 Novemba 1444, na ramani haikufichi ulivyo mdogo. Mombasa iko ubavuni mwako. Kilwa imetanda kusini, tajiri na yenye jeshi kukuzidi. Mchezaji mgeni humtafuta jirani mwenye nguvu kuliko wote na kumwomba urafiki, akidhani amepata kivuli cha kujificha. Wazoefu humruka jirani huyo, wakatafuta nchi iliyo nyuma yake. Baada ya miongo miwili ya kalenda ya gemu, yule wa kwanza mara nyingi ameshamezwa na rafiki yake mwenyewe.

Kwa nini iwe hivyo? Sehemu ya jibu imo katika hesabu za kompyuta. Sehemu nyingine, ambayo kwangu ndiyo tamu zaidi, ilishachezwa na watu halisi kwenye pwani hii hii.

Kwa asiyelijua gemu lenyewe: lilitoka mwaka 2013, kazi ya Paradox Development Studio ya Stockholm, Sweden. Unashika usukani wa nchi moja kuanzia 1444 hadi 1821, ukiamua juu ya kodi, biashara, dini, ndoa za kifalme na vita, huku kompyuta ikiziendesha nchi nyingine zote. Mwendo huo wote ndio kampeni. Hakuna mahali palipoandikwa umeshinda. Unajiwekea lengo lako mwenyewe, na kwa mji mdogo kama Malindi lengo la kwanza ni kutofutwa.

Sasa tazama dirisha la diplomasia. Unabonyeza nchi unayoitaka, unachagua kuomba muungano, na kabla mjumbe hajaondoka unaona alama ya kijani au nyekundu. Weka kishale juu yake, sababu zote zinashuka kama risiti, kila moja na tarakimu yake: wanavyokuona, wanavyokuamini, jeshi lako likilinganishwa na lao, umbali kati ya mipaka yenu, wapinzani mlio nao kwa pamoja. Jumla ikiwa juu ya sifuri, wanakubali. Ikiwa chini, hata uwatumie zawadi ya dhahabu, utapandisha mstari mmoja tu wa risiti hiyo.

Jirani ana mistari miwili mibaya tangu mwanzo. Mipaka kugusana peke yake kunashusha anavyokuona. Ubaya zaidi ni pale kompyuta inapokuwa imeshaweka alama kwenye jimbo lako kwamba inalitaka. Hapo risiti inapata tarakimu hasi kubwa kiasi kwamba hakuna tabasamu litakaloizidi. Na hata akikubali leo, tamaa ya ardhi inabaki palepale. Siku nguvu zako zikipungua, au akipata mshirika mnono kuliko wewe, mkataba unavunjwa bila matusi wala kelele. Unapata ujumbe mfupi tu kwenye skrini.

Nchi iliyo upande wa pili wa jirani yako haina mistari hiyo. Haigusani nawe, kwa hiyo haina cha kukunyang'anya kwa sasa. Tena, katika gemu hili kila nchi inaweza kutangaza wapinzani hadi watatu, na kwa kawaida huwachagua miongoni mwa walio karibu na wenye uwezo unaolingana na wake. Kwa hiyo uwezekano ni mkubwa kwamba jirani unayemchukia wewe, nchi hiyo nayo inamchukia. Mpinzani wa pamoja huongeza tarakimu kwenye risiti. Nchi inayojiona inatishwa na mkubwa mmoja ni rahisi zaidi kuivuta upande wako, kwa sababu tayari inatafuta bega la kuegemea.

Wazo lenyewe ni la kale kuliko kompyuta zote. Kautilya, mwanafikra wa India ya kale anayehusishwa na ufalme wa Maurya, alilipanga kama miduara: mfalme yuko katikati, wanaompakana ni maadui kwa asili ya mahali walipo, na wanaopakana na maadui hao ni marafiki kwa sababu hiyo hiyo. Mfalme Francis I wa Ufaransa, Mkatoliki, alipozungukwa na milki ya Habsburg, alifunga mkataba mwaka 1536 na Sultani Suleiman wa Waothmani, Mwislamu aliyekuwa akiwapiga hao hao Habsburg kutoka mashariki. Majira ya baridi ya 1543 kuingia 1544, wanamaji wa Kituruki walilala Toulon, bandari ya Ufaransa. Ulaya ya Kikristo ilipiga kelele. Francis alijua nani anapakana na nani.

Lakini turudi Malindi, maana hapo ndipo nadharia inapoonekana uchi.

Mwezi Aprili 1498 Vasco da Gama, baharia wa Kireno, alifika Mombasa na hakupokewa vizuri. Palikuwa na shaka pande zote mbili, akaondoka akiwa ameponea chupuchupu. Siku chache baadaye akatia nanga Malindi. Mfalme wa Malindi alimkaribisha kwa vyakula, ngoma na mazungumzo ya baharini, akampa na rubani aliyezijua pepo za kusi, na kwa msaada huo meli zikavuka hadi Calicut, bandari ya India. Vitabu vya shule hupenda kuuita ukarimu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndiyo. Ila mwenyeji huyu alikuwa na ugonjwa unaojulikana kwa jina, nao ni Mombasa. Hapo mbele yake palikuwa na watu wenye mizinga, wasio na shamba wala kisima kinachopakana na chake, na ambao tayari wameshakosana na mpinzani wake. Kwa lugha ya gemu, alama ilikuwa ya kijani kibichi.

Matunda yalikuja haraka. Mwaka 1505 kundi la meli za Kireno chini ya Francisco de Almeida liliiteka Kilwa mwezi Julai, wakamweka mtawala wao na kujenga ngome, kisha Agosti wakaipora na kuichoma Mombasa. Malindi haikuguswa. Mombasa iliporwa tena mwaka 1528 na Nuno da Cunha, na safari hiyo watu wa Malindi walikuwamo miongoni mwa waliomsaidia. Mji mdogo ukabaki umesimama huku wakubwa wawili wakichomwa.

Hata hivyo kuna methali inayoipinga hesabu hii yote: fimbo ya mbali haiui nyoka. Gemu linaikubali; umbali ni mstari mwingine hasi kwenye risiti, na mshirika wa mbali mara nyingi hulituma jeshi lake likachelewa au lisifike kabisa. Wareno baada ya 1510 walikuwa na kituo kikuu Goa, India, na msaada wa kutoka huko ulitegemea upepo. Meli zilishuka na kaskazi na kurudi na kusi. Ukivamiwa kaskazi ikiwa imekwisha, usali na ungoje miezi.

Ndiyo maana naona hatua ya Malindi iliyo bora kuliko ya 1498 ni ile isiyosimuliwa sana, ya kuwa na mshirika wa pili, wa karibu, wa aina tofauti. Mwaka 1589 pwani iliwaka moto. Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, alikuwa Mombasa. Kundi la Tomé de Sousa Coutinho lilishuka kutoka Goa kumfuata, na ng'ambo ya kisiwa, bara, Wazimba, kundi la wapiganaji kutoka kusini, walikuwa wamepiga kambi baada ya kupita Kilwa wakiua. Mombasa ikaangamia kati ya pande hizo. Wazimba wakapanda kuelekea Malindi, ambayo ilikuwa na Wareno wachache tu wa kuisaidia. Waliouokoa mji walikuwa Wasegeju, majirani wa bara, waliowashambulia Wazimba kutoka nyuma na kuwavunja. Mwanzoni mwa miaka ya 1590 Wasegeju hao hao waliwapiga watu wa Mombasa, wakaingia kisiwani, na kumkabidhi mji sultani wa Malindi. Akahamia huko. Mchezaji yeyote wa gemu hili angepiga picha ya skrini.

Mbona Wasegeju hawakuwa hatari kama jirani mwingine yeyote? Kwa sababu kilichowapa nguvu kilikuwa bara, na Malindi ililishwa na bahari: ushuru wa bandari na majahazi. Waligusana, ila hawakuwa wakigombania kitu kimoja. Hesabu za gemu hili hazilioni hilo vizuri, kwani kwake mpaka ni mpaka. Hapo mchezaji lazima atumie kichwa chake: usiulize tu nani yuko wapi, uliza anataka nini.

Upande wa pili wa shilingi ni bei. Mshirika mkubwa asiye na mpaka nawe anakuwa na mpaka nawe pindi mkishinda. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, na kuanzia hapo sultani alikaa na kapteni wa Kireno pua kwa pua. Ugomvi ukaanza juu ya biashara na mamlaka. Sultani Hasan bin Ahmad alikimbilia bara na kuuawa huko mwaka 1614. Mwanawe Yusuf alipelekwa Goa, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo, akarudishwa kwenye kiti mwaka 1626; Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni na kuuteka mji. Mwaka uliofuata alihimili mashambulizi ya meli kutoka Goa, kisha akaondoka, na Wareno wakarudi. Nasaba iliyowakaribisha mwaka 1498 ikaishia hapo kama nguvu ya kisiasa.

Ndani ya gemu dalili huonekana mapema kuliko zilivyoonekana Malindi. Kila mnapomaliza vita, fungua tena ramani na uangalie nani sasa anapakana na nani. Mgawie mshirika wako ardhi iliyo mbali nawe. Ukimwahidi jimbo kisha ukamnyima kwenye meza ya amani, imani inaporomoka na safari nyingine hatakuja. Nafasi za uhusiano, yaani idadi ya nchi unazoweza kufungamana nazo kwa wakati mmoja, pia si za bure: kwa kawaida unaanza na 4 tu, ukizidisha unalipa kila mwezi kwa pointi za diplomasia. Kwa hiyo mshirika ambaye mpinzani wake ameshafutwa amekuwa mzigo. Anakula nafasi, na sasa anakutazama.

Kumwita vitani nako kuna masharti. Ukishambuliwa, mwito wake ni mwepesi. Ukishambulia wewe, utalipa kwa fadhila ulizolimbikiza kwake kwa miaka, na hata ukiwa nazo atakataa kama ana deni kubwa au watu wake wamechoka na vita. Hivyo wazoefu humkagua hazina kabla ya kutangaza. Wengi hufungua vita, wakabonyeza mwito, na kukuta nyekundu.

Mkakati wenyewe wa vita ni mfupi kuueleza: chukua kidogo, ngoja, rudi. Ukinyakua majimbo mengi kwa mkupuo, hofu juu yako inasambaa kwa wote walio karibu, na hofu hiyo ikizidi kiwango wanaungana dhidi yako, hata wale waliokuwa hawasalimiani. Inashuka polepole, mwaka hadi mwaka. Mkataba wa amani nao unakufunga kwa miaka 5 hadi 15 kulingana na ulichochukua, na kuuvunja kunayumbisha nchi yako mwenyewe.

Pwani haikuacha kucheza hivi baada ya Wareno. Watu wa Mombasa waliomba msaada Oman, na baada ya kuzingirwa tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, Ngome ya Yesu ilianguka. Wamazrui waliotawala Mombasa baadaye waliungana na Pate dhidi ya Lamu, wakashindwa vibaya Shela karibu na mwaka 1813. Lamu, ikiogopa marudio, ikamwita Said bin Sultan wa Maskati. Wamazrui wakajikuta wametishwa na mtu huyo huyo, nao wakatazama nyuma yake kumtafuta aliye mkubwa zaidi. Februari 1824 Kapteni Owen wa jeshi la maji la Uingereza aliwakubalia bendera ya nchi yake, yaani ulinzi wake. Serikali yake London ilikuwa ikimhitaji Said kuliko ilivyowahitaji wao, ikakataa kuuidhinisha mpango huo, na mwaka 1826 bendera ikateremshwa. Said aliichukua Mombasa mwaka 1837. Kampeni ya gemu inafungwa 1821, kwa hiyo vita vya Shela vinaingia ndani ya kalenda yake, lakini hatua ya Wamazrui ya kumwendea Mwingereza imebaki nje kwa miaka mitatu.