Waya Hakuwahi Kuninyang'anya Bisibisi

Wateja wapya wakinikuta soko la Kibuye, Kisumu, nimeinamia cherehani huuliza nani alinifunza ufundi. Nikijibu "Waya", wengine hudhani nimesomea umeme. Kwetu Wajaluo, waya ni shangazi, dada ya baba.

Waya alishona sare za shule. Januari wazazi walikuwa wakimsubiri mlangoni kabla hajafungua, na mashine ikikwama siku kama hizo, kungoja fundi ni kupoteza wateja. Kwa hiyo alijifunza kuitengeneza mwenyewe, kisha akanifunza mimi nikiwa darasa la saba.

Hakuanza na spana. Alifungua kibati kilicho chini ya sindano akaniambia, "Usikanyage. Zungusha gurudumu kwa mkono, utazame." Nikatazama siku nzima. Sindano hushuka na uzi mpaka chini kabisa. Inapoanza kupanda, milimita mbili hivi, uzi hubaki nyuma kidogo ukafanya kitanzi. Papo hapo ncha ya ndoano hupita ikakidaka, ikakivusha nyuma ya bobini, kigurudumu chenye uzi wa chini, na uzi wa juu ukafungana na wa chini. Kazi yote ya cherehani ni kukidaka kitanzi kile. Ncha ikiwahi au ikichelewa, au sindano ikiwa imepinda, kitanzi hukosa wa kukidaka na mshono huruka. Upande bapa wa sindano lazima uelekee ndoano. Ukiuweka kinyume, utakanyaga mpaka giza liingie.

Shida ninayoletewa zaidi ni uzi kufanya kichaka chini ya kitambaa. Mwenye mashine huwa ameshaikaza skrubu ya bobini mpaka basi, kwa kuwa kichaka kiko chini. Kosa liko juu. Uzi haukuingia katikati ya visahani vya mkazo, vinavyoubana uzi wa juu, mara nyingi kwa sababu aliutunga mguu wa mashine, ule unaokandamiza kitambaa, ukiwa umeshushwa, na mguu ukishuka visahani hubanana. Inua mguu, tunga upya, basi. Kwa hilo silipishi mtu, ingawa mume wangu hunung'unika.

Bobini yenyewe Waya aliipima hivi: aliining'iniza kwa uzi wake ikiwa ndani ya kikasha. Ikiteremka yenyewe mpaka chini, imelegea. Ukiutikisa mkono kidogo, ishuke kama buibui, kisha isimame.

Kuhusu oili, Waya alikuwa mkali. Mafuta ya kupikia yakikaa ndani ya mashine huganda yakawa kama gundi, na nimeshapokea mashine ambazo gurudumu halisogei hata kwa mikono miwili. Oili ya cherehani ni nyepesi, nyeupe kama maji. Tone moja kila tundu, na ushone kwanza kwenye kitambaa kikuukuu, la sivyo sare ya mtu itapata madoa.

Lakini hayo yote ningeweza kuyapata kwa fundi mwingine. Jumamosi moja nilifungua mashine yake yote, ile ya kumlisha, nikairudisha, na skrubu moja ikabaki mkononi mwangu. Nilitaka kulia. Waya alikuwa amenipa mgongo, akikata kola. Hakugeuka. Alisema tu, "Skrubu haina miguu. Ina mahali ilipotoka." Nikafungua tena. Saa mbili zilipita, mteja akaja akaondoka na sare yake haijaisha, na bado hakuigusa ile bisibisi.

Baadaye mzee mmoja alileta mashine ya mkewe, akamwuliza Waya fundi yuko wapi. Akanyoosha kidole kwangu. Mzee alinitazama, sare ya shule, miguu pekupeku. "Huyu?" Waya akamwambia, "Ukipenda, nenda mjini." Akabaki. Sindano yake ilikuwa imewekwa kinyume.

Siku hizi macho yake hayawezi kutunga uzi, ila masikio ni yale yale. Akiwa nje ya kibanda husikia mlio akasema sindano ni butu. Mwezi uliopita alikuja nikiwa na kijana ninayemfunza. Kijana alikuwa akihangaika na kikasha cha bobini, kazi ya dakika moja, na mteja amesimama. Nikanyoosha mkono nichukue bisibisi.

Waya akakohoa.

Nikaurudisha mkono mfukoni.