Eneobunge la 94 la Virginia: 11,608 kwa 11,608, na mipaka iliyozizunguka kura hizo

Tarehe 4 Januari 2018, mjini Richmond, Marekani, kiti kimoja cha Baraza la Wajumbe la Virginia kiliamuliwa kwa kuchota jina bakulini. Picha za bakuli lile zilizagaa dunia nzima na habari ikaishia hapo. Nitalieleza bakuli, lakini ukitaka kuelewa kwa nini kiti hicho kilifikia kura sawa, kisha miaka miwili baadaye kikabadili chama bila shida yoyote, inabidi uanze na ramani.

Baraza la Wajumbe ndilo baraza la chini la bunge la Virginia. Lina viti 100, na wajumbe wake huchaguliwa kila baada ya miaka miwili, katika miaka isiyogawanyika kwa mbili: 2015, 2017, 2019 na kuendelea. Sensa ya 2010 ilihesabu watu milioni 8 na ushee, kwa hiyo kila mjumbe aliwakilisha watu wapatao 80,000. Eneobunge la 94 lilikuwa Newport News, mji wa kiwanda cha kuunda meli za kivita, uliojinyoosha mrefu na mwembamba kandokando ya mto James. Umbo hilo la mji si jambo dogo. Mji mwembamba ukiukata vipande, kila mkato unapita katikati ya mitaa ya watu, na anayeshika kalamu ndiye anayeamua nani awe jirani wa nani siku ya kura.

Kwa miaka mingi kiti hicho kilishikwa na Alan Diamonstein wa Democratic, aliyekuwa bungeni tangu 1968. Mwaka 2001 aliuacha ujumbe akawania unaibu gavana, akashindwa kwenye mchujo wa chama na Tim Kaine. Glenn Oder wa Republican akakichukua kiti na kukaa nacho hadi 2011, alipojiuzulu kwenda kuongoza mamlaka ya Fort Monroe. Ndipo akaingia David Yancey, naye wa Republican.

Ukisoma majina haya peke yake utadhani wakazi wa mtaa mmoja walibadili mawazo: Democratic, halafu Republican mara mbili. Tahadhari. Mwaka ule ule wa 2011 ramani nzima ilichorwa upya, na wachoraji walikuwa wabunge wenyewe. Wapinzani wa ramani hiyo walikuja kuishitaki kwa jambo moja mahsusi: katika maeneobunge 12 ilitakiwa watu weusi wenye umri wa kupiga kura wafikie walau asilimia 55, bila kuangalia hali ya kila eneo. Moja kati ya hayo 12 lilikuwa la 95, jirani wa 94, lililoanzia Hampton likapenya ndani ya Newport News. Ukiwarundika wapiga kura weusi ndani ya 95, wanapungua kwenye 94. Kwa kuwa huko wengi wao huipigia Democratic, Democratic inashinda 95 kwa kura nyingi zisizo na kazi, na 94 inabaki ya ushindani wenye mwelekeo wa Republican. Hivyo ndivyo mstari unavyohamisha kiti bila mpiga kura hata mmoja kubadili chama.

Shelly Simonds, mjumbe wa bodi ya shule ya Newport News, aligombea dhidi ya Yancey mwaka 2015 akashindwa. Mwaka 2017 akarudi. Safari hii upepo ulikuwa wa chama chake: Ralph Northam alishinda ugavana, na Democratic, iliyokuwa na viti 34 tu kati ya 100, ikapanda hadi kugusa nusu. Kila kiti kilichobaki kikawa dhahabu. Katika 94 zilipigwa kura zaidi ya 23,800, zikiwemo 675 za mgombea wa chama kidogo cha Libertarian. Baada ya uhakiki wa hesabu, Yancey alikuwa mbele kwa kura 10.

Virginia haihesabu upya kura kwa kujiendesha, hata tofauti ikiwa kura moja. Aliyeshindwa ndiye anayepaswa kuomba mahakamani baada ya matokeo kuthibitishwa, na haki hiyo anayo tu ikiwa tofauti haizidi asilimia 1 ya kura za wagombea wawili wa juu. Ikiwa ni asilimia 0.5 au chini, gharama hazimwangukii yeye. Mahakama yenyewe ni ya majaji watatu: jaji mkuu wa mahakama ya mzunguko ya eneo husika, na wawili wanaoteuliwa na jaji mkuu wa jimbo.

Kazi ya kuhesabu inafanywa na maofisa wawiliwawili, mmoja wa kila upande. Karatasi zinapitishwa tena kwenye mashine ya kusoma, ambayo inatenga zile zisizoeleweka: ambazo mpiga kura hakujaza kiduara chochote kwenye kinyang'anyiro hicho, ambazo amejaza viwili, na ambazo ameandika jina kwa mkono. Hizo zilizotengwa ndizo zinazosomwa kwa macho. Maofisa wakikubaliana, karatasi inaingia kwenye fungu lake na imekwisha. Mmoja akipinga, inawekwa pembeni ipelekwe kwa majaji. Watu wengi hudhani kuhesabu upya ni kurudia kuhesabu maelfu. Ukweli ni kwamba vita vyote viko kwenye karatasi chache zile zilizotengwa, maana mashine haikosei sana kwenye karatasi safi.

Tarehe 19 Desemba 2017 kazi hiyo ikaisha na Simonds akawa mbele kwa kura moja: 11,608 kwa 11,607. Baraza likawa 50 kwa 50. Kwa siku moja tu.

Kesho yake majaji walikaa kuthibitisha, wakakuta mmoja wa maofisa wa upande wa Republican ameandika barua kuhusu karatasi moja. Karatasi hiyo tuitazame kwa karibu. Kwenye nafasi ya mjumbe, mpiga kura alikuwa amejaza kiduara cha Simonds na pia cha Yancey. Juu ya kiduara cha Simonds kulikuwa na mstari wa kukata. Kwenye nafasi ya ugavana alikuwa amejaza kiduara cha Ed Gillespie wa Republican, na hapo napo kulikuwa na alama ya kukata. Nafasi nyingine za jimbo zima alikuwa amewapigia Republican.

Hoja ya Yancey: mpiga kura huyu ni wa Republican mwanzo hadi mwisho, alikosea akajaza Simonds, akakata, akajaza sahihi. Mwongozo wa bodi ya uchaguzi ya jimbo unaruhusu kura ya namna hiyo ihesabiwe, mradi nia inaonekana. Hoja ya upande wa Simonds: alama ile ile ya kukata iko juu ya Gillespie, na hapo hakuna mwingine aliyejazwa. Kama kukata maana yake ni kufuta, basi amemfuta mgombea ugavana wake mwenyewe na hakumpa mtu. Kama si kufuta, basi na kwa Simonds si kufuta, na karatasi ina kura mbili kwenye nafasi moja, yaani imeharibika. Tena siku ya kuhesabu maofisa wote wawili walikuwa wameikubali kuwa haihesabiki, na hakuna aliyeipinga hapo hapo mezani.

Majaji wakampa Yancey. 11,608 kwa 11,608.

Kwa maoni yangu hoja ya kisheria yenye uzito zaidi haikuwa kusoma alama bali muda wa pingamizi. Utaratibu wa kupinga karatasi upo ili mabishano yaishe mezani, karatasi ikiwa mbele ya wote. Ukiruhusu barua ya kesho yake, kila karatasi iliyokwisha kuamuliwa inaweza kufunguliwa tena, na daima itafunguliwa na yule aliyekwisha kujua amepungukiwa ngapi. Simonds aliirudisha hoja hiyo mahakamani. Majaji wakaikataa tarehe 3 Januari.

Sheria ya Virginia kwa kura sawa haisemi uchaguzi urudiwe. Inasema bodi ya uchaguzi ya jimbo iamue kwa bahati nasibu, na haielezi chombo gani kitumike. Mwaka 1971 kiti cha Fairfax kiliamuliwa hivyo hivyo. Safari hii yalichapishwa majina mawili kwenye vikaratasi, kila kimoja kikatiwa ndani ya kikopo cha filamu za kamera za zamani ili visitofautishwe kwa mguso, na vikopo vikawekwa ndani ya bakuli la udongo lenye rangi ya buluu na nyeupe, kazi ya mfinyanzi Steven Glass, lililoazimwa kutoka Jumba la Makumbusho la Sanaa la Virginia. James Alcorn, mwenyekiti wa bodi, akachota kimoja. Jina lilikuwa la Yancey. Republican wakabaki na viti 51 kwa 49, na pamoja navyo nafasi ya spika na wenyeviti wa kamati.

Aliyekosa bakulini bado alikuwa na haki ya kuomba kuhesabu upya. Simonds hakuomba; tarehe 10 Januari, siku bunge lilipofunguliwa, alikubali matokeo.

Mwezi Mei mwaka huo ndipo ilipofahamika jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko bakuli: wapiga kura 26 waliostahili kupiga kura 94 walikuwa wamepewa karatasi za 93. Walikuwa wa kituo chenye watu weusi wengi, kilichoelemea Democratic kwa nguvu. Inatokeaje? Kila anwani kwenye daftari la wapiga kura inabandikwa msimbo wa eneobunge, na anayebandika ni ofisi ya uandikishaji ya mji. Mpaka ukipita katikati ya kituo, kituo kimoja kinakuwa na karatasi za aina mbili, na karani anatoa ile ambayo daftari linamwambia. Msimbo ukiwa umekosewa, mpiga kura hana njia ya kujua isipokuwa awe anawajua wagombea wake kwa majina. Wala kuhesabu upya hakuwezi kuligundua, kwa sababu karatasi yenyewe ni safi kabisa. Imo tu kwenye sanduku la eneobunge lingine. Uchaguzi ule ule, katika eneobunge la 28 huko Fredericksburg, wapiga kura 147 walipewa karatasi zisizo zao, na mshindi baada ya kuhesabu upya alitangulia kwa kura 73.

Ndiyo maana nashauri wanaosimamia kura wakague vituo vilivyokatwa na mpaka kabla ya uchaguzi, mtaa kwa mtaa, namba za nyumba za upande wa shufwa na witiri. Baada ya kura kupigwa haitenguliki.

Kesi ya ramani ilikuwa inaendelea wakati wote huo. Mwezi Juni 2018 mahakama ya shirikisho ilitamka kwamba maeneobunge 11, likiwemo la 95, yalichorwa kwa kigezo cha rangi kinyume cha katiba. Bernard Grofman, msomi wa siasa, aliteuliwa kuandaa marekebisho, na ramani mpya ikatumika 2019. Mwezi Juni mwaka huo Mahakama Kuu ya Marekani iliitupa rufaa ya Baraza, kwa sababu Baraza peke yake halikuwa na haki ya kukata rufaa. Ukiirekebisha 95, majirani nao wanasogea, na 94 ikapata wapiga kura wengi wa Democratic. Novemba 2019 wagombea walikuwa wale wale, Simonds na Yancey. Simonds alishinda kwa tofauti kubwa, hakukuwa na la kuhesabu upya. Democratic ikapata viti 55.

Kwa anayetaka kutengeneza jedwali la matokeo ya eneobunge hili, kuna sehemu ya mwisho ya kuteleza. Baada ya sensa ya 2020 tume mpya ya mipaka ilikwama, kazi ikaangukia Mahakama ya Juu ya Virginia, na ramani iliyopitishwa Desemba 2021 ikabadili hata namba. Tangu uchaguzi wa 2023 Simonds anawakilisha Newport News kama mjumbe wa 70, na namba 94 imehamia Norfolk, ng'ambo ya maji. Ukivuta takwimu kwa namba ya eneobunge utaunganisha miji miwili tofauti. Vuta kwa kituo cha kupigia kura, kisha angalia kituo hicho kilikuwa ndani ya mpaka upi katika ramani nne: ya 2001, ya 2011, ya 2019 na ya 2021. Vile vilivyokatwa na mpaka viweke safu yao peke yao.