Siyo damu ya baba yake tu

“Hii ni damu ya upande wa baba yake, mwanangu,” bibi aliniambia kabla hata hajakaa vizuri kwenye kiti. “Kwetu hakuna mtu wa shari.” Mjukuu wake wa miaka mitano alikuwa amejibanza nyuma ya kanga yake, ananikagua. Walitoka Makorora kwa bajaji, na njiani alikuwa ameshampiga dereva teke la mgongo. Chekechea wamemrudisha nyumbani mara mbili kwa kung'ata wenzake.

Mimi ni mwanasaikolojia wa watoto hapa Tanga, na habari ya damu naisikia karibu kila wiki. Wapo pia wanaokuja na ya upande wa pili: mtoto alikuwa mpole, ameharibiwa na wenzake wa mtaani na makatuni ya kwenye runinga. Wa kwanza amekata tamaa, wa pili anatafuta wa kumlaumu. Wote wanataka kujua ukorofi umeingilia wapi, na mimi nadhani swali lenyewe limekaa miguu juu, kichwa chini.

Richard Tremblay, mtafiti wa Kanada, alianza mwaka 1984 kuwafuatilia wavulana wa chekechea za Montreal. Ungetegemea aone umri ambao mtoto anajifunza kupigana. Hakuuona. Kadiri walivyokua, wengi walizidi kupunguza kupiga. Ikabidi yeye na wenzake warudi nyuma kwa wadogo zaidi, wakakuta kilele cha kupiga kiko kwenye miaka miwili, mitatu hivi. Yaani katika maisha yote ya binadamu, hakuna anayesukuma, kupiga na kung'ata mara nyingi kama mtoto aliyeachishwa ziwa juzi. Salama yetu ni kwamba hana nguvu. Kupiga anakuja nako. Kinachomchukua miaka kujifunza ni kuacha.

Lakini Bandura je? Wenzangu wa fani huniuliza hivyo haraka sana. Mwaka 1961, pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwanasaikolojia Albert Bandura aliwachukua watoto 72, baadhi yao wakamtazama mtu mzima akimtwanga mwanasesere mkubwa wa kujazwa upepo kwa ngumi na nyundo. Walipoachwa na mwanasesere huyo, waliotazama walimtwanga vilevile, wengine kwa maneno yaleyale ya yule mtu mzima. Ni jaribio zuri, ila nina neno moja nalo: mwanasesere yule ametengenezwa apigwe, ukimwangusha anainuka mwenyewe. Si sawa na kumpiga mtoto wa jirani. Ninachokichukua pale ni kwamba watoto hunakili namna ya kupiga.

Namna naijua, maana nilifundishwa. Nilikuwa na miaka minane, natoka madrasa na rafiki yangu, kwenye kichochoro kimoja cha Ngamiani. Kaka wawili wa mtaani wakatusimamisha. Hatukuwa na ugomvi wowote. Mmoja akakusanya mchanga kwa mguu, akafanya vichuguu viwili. “Hili ziwa la mama yako, hili la mama yake. Haya, nani mwanamume?” Aliyekulia mitaa yetu anajua kilichofuata. Rafiki yangu alitangulia kupeleka mguu. Nakumbuka masikio yangu yalivyopata moto, na machozi yakanitoka kabla ya ngumi. Hayo ya masikio na machozi hakuna aliyenifundisha, mwili ulikuwa nayo tayari. Lakini kwamba ule mchanga ni mama yangu, kwamba nikiondoka zangu mimi ni mwoga, kwamba tunatumia ngumi na siyo jiwe, na kwamba kaka akisema “basi” tunaachana palepale, hayo yote ni masomo. Nilifuzu mdomo umevimba.

Tazama pia utani. Mtani anaweza kuja msibani akaingia kaburini, akalala, akagoma kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Afanye hivyo mtu asiye mtani uone atakavyotolewa. Mfiwa ni yuleyule na hasira ni ileile. Kilichozuia ngumi ni kitu alicholelewa nacho.

Wanaoshikilia damu huniletea sokwe. Na kweli, kati ya 1974 na 1978 Jane Goodall na wasaidizi wake kule Gombe waliandika jinsi kundi la Kasakela lilivyowamaliza madume wa Kahama (bonde la Gombe, siyo Kahama ya Shinyanga), waliokuwa wenzao kabla kundi halijagawanyika. Hilo silibishi. Ila mimi nawapeleka Masai Mara, Kenya, kwa nyani waliochunguzwa na mtafiti wa Marekani, Robert Sapolsky.

Katikati ya miaka ya 1980, madume wababe wa kundi moja walikuwa na desturi ya kwenda kupigania mabaki ya chakula kwenye jalala la hoteli ya watalii. Nyama ilikuwa na kifua kikuu cha ng'ombe, wakafa. Walibaki majike, watoto, na madume wapole ambao hawakuthubutu kwenda kule. Kundi likatulia. Sasa, dume la nyani likibalehe huhama kwao, kwa hiyo miaka kumi baadaye wale wapole wote hawakuwepo tena. Madume wote walikuwa wageni, waliozaliwa kwenye makundi ya vurugu kama kawaida. Na kundi bado lilikuwa tulivu. Wageni walipokewa vizuri na majike mapema, wakachujwa ubabe taratibu. Kama nyani mtu mzima anaweza kubadilika kwa kuhamia mtaa mwingine, sioni kwa nini nimfungie kesi mtoto wa Makorora.

Siyo kwamba damu haina lake. Mwaka 2002 watafiti waliokuwa wakifuatilia watoto wa Dunedin, New Zealand, walitoa matokeo kuhusu jeni moja iitwayo MAOA. Wavulana wenye aina dhaifu ya jeni hiyo walioteswa utotoni walielekea zaidi kuwa wakorofi ukubwani. Wenye jeni hiyohiyo ambao hawakuteswa hawakuonyesha hivyo. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote, na jeni moja haiwezi kubeba mzigo wote huo. Hata hivyo nikiulizwa ni damu au malezi, nauliza: damu ipi, kwenye nyumba ipi?

Kwa hiyo nikamwuliza bibi nyumbani anafanyaje mtoto aking'ata.

“Namng'ata na mimi,” akasema. “Ajue utamu wake.”

Sikucheka, ingawa nilitaka. Hayuko peke yake: utafiti wa kitaifa wa 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana wetu, wa kike kwa wa kiume, waliwahi kufanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Nilimwomba aache meno, na anieleze mtoto anakuwaje kabla ya kung'ata. Hapo akawa mtaalamu kunishinda: anakunja vidole, anashusha kidevu, anapumua kwa pua. Tukakubaliana akiona kidevu kinashuka amshike mabega na kumpa maneno, “sema: nipe, ni changu”, na akikosa maneno ang'ate kitu kisicholia.

Walirudi baada ya wiki tano. Chekechea hawajamrudisha tena. Shati la mtoto lilikuwa limeliwa ukosi wote, nyuzi zinaning'inia.

“Shikamoo bibi. Naona kazi inaendelea.”

“Marahaba. Inaendelea, ila mashati utanilipa wewe.”