Sauli hakubadilishwa jina njiani Damasko

Hii tumeisikia toka utotoni, eti Sauli alipokutana na Yesu njia ya Damasko akapewa jina jipya Paulo, na ndo maana wengine wakiokoka wanaona lazima wabadili jina kwanza. Sasa soma Matendo ya Mitume kwenye Biblia, sura ya 9, taratibu, Yesu anamwita "Sauli, Sauli", halafu Anania, mwanafunzi wa Yesu pale Damasko ambaye alikuwa anamwogopa Sauli kabisa, anamwekea mikono na kumwita "Ndugu yangu, Sauli", na mpaka sura ya 13 huko Kipro bado ni Sauli, pale mstari wa 9 ndo Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anataja tu kwamba anaitwa Paulo pia. Hakuna mahali Mungu alimpa jina jipya.

Kilichobadilika ni mtu mwenyewe. Alitoka Yerusalemu kwenda kukamata waumini, mara yuko kwenye masinagogi ya Damasko anamhubiri huyohuyo Yesu! Na bado wanafunzi wa Yerusalemu walimwogopa, hawakuamini kama kweli ni mwanafunzi, na mi naona walikuwa na haki, mpaka Barnaba, mwamini mwenzao, akamchukua akawaeleza alivyohubiri kwa ujasiri. Hayo maisha ndo yaliwafanya wampokee, na muda wote huo anaitwa Sauli.