Gari ya mtumba ya kubebea mizinga ya nyuki: maneno ya vijiweni na ukweli wenyewe

Mtu akitaka gari ya mtumba ya kubebea mizinga, swali la kwanza utasikia ni CC ngapi, ni fowili (inayovuta kwa matairi yote manne) au sio, namba gani. Mi naona swali la kwanza lingekuwa hili: ukiitoa saa nne usiku ikiwa na nyuki nyuma, itafika bila kusimama njiani? Kwa sababu nyuki wanatunza sehemu ya watoto kwenye joto la nyuzi 34 mpaka 35 hivi, na kazi hiyo wanaifanya kwa kupuliza hewa mlangoni, sasa wewe umeshauziba mlango na umewatikisa, wanahangaika, wakihangaika wanazalisha joto zaidi, kinachowasaidia ni ule upepo wa gari kutembea. Gari ikifa kati ya Sikonge na Tabora mpaka jua linatoka, masega yanalainika yanaanguka, asali inamwagika ndani na nyuki wanazama humo humo. Hapo hata uwe na V8 haikusaidii kitu.

"Gari iliyofungwa pande zote ndo salama, nyuki hawatoki"

Hii ndo mbaya kuliko zote na ndo inayopendwa, utakuta mtu ametoa siti za Noah au Hiace anapanga mizinga mle ndani eti wapita njia wasiumwe. Kwanza joto, ndani ya gari iliyofungwa linapanda haraka sana. Pili wewe dereva umekaa chumba kimoja na mzigo, na mzinga hata uzibwe vipi kuna mwanya tu mahali, mfuniko umepinda au ubao umeoza. Nyuki wakitoka gizani wanafuata mwanga, na mwanga uliopo ni dashibodi na kioo cha mbele, yaani usoni kwako, tena uko spidi 80. Tafuta gari ya wazi nyuma, kebini ya dereva imetengana na mzigo na kile kioo cha nyuma ya kichwa chako kiwe kizima na raba zake zisiwe zimeliwa. Juu ya mizinga funika wavu. Turubai acha nyumbani, labda kama unahamisha mizinga mitupu.

"Chukua Hilux dabo kebini, hiyo inaenda popote"

Inaenda kweli, sibishi. Lakini ukipima bodi yake utakuta urefu kama mita moja na nusu tu, tena matairi yamekula nafasi pembeni, na iko juu. Mzinga wa kisasa wa Langstroth wenye nyuki na asali kiasi unafika kilo 35, mkiubeba wawili usiku na mavazi ya nyuki mwilini huoni vizuri, halafu mnatakiwa kuunyanyua mpaka kifuani, hapo ndo mizinga inapoponyoka. Kirikuu (Suzuki Carry) bodi yake ni tambarare, kuta zinafunguka pande tatu, na sakafu iko kama sentimita 65 kutoka chini, unasukuma tu unaingia.

Hesabu yake iko hivi. Kirikuu ya 660 ya Japani imeruhusiwa kilo 350, bodi ina urefu wa mita 1.94 na upana 1.41 hivi. Langstroth ya fremu kumi (zile za mbao zinazoshika masega) ni kama sentimita 50 kwa 41. Fremu zinatakiwa zielekee kule gari inakoenda ili ukikanyaga breki zisiyumbe zikagongana na kuponda nyuki, na malkia anaweza kuwa mmojawapo. Ukipanga hivyo inaingia mitatu kwa mitatu, tisa, kilo 315. Umemaliza, ghorofa ya pili usijaribu.

Wenye mizinga ya viunzi vya juu hesabu yenu ni tofauti na wengi hamjui. Masega kwenye mzinga ule yamekaa kukatisha lile boksi, na yameshikwa juu peke yake bila fremu, kwa hiyo boksi lenyewe unalilaza kukatisha bodi ndo masega yaangalie mbele. Boksi la mita moja likikatisha bodi ya kirikuu halipati mwenzake pembeni, unabeba mitatu mpaka minne basi. Kama ndo aina uliyonayo na ni mingi, angalia Canter au Dyna ya tani mbili, urefu wa bodi yake unakulipa.

Na hiyo fowili, kama njia zako ni mchanga au zinapita mbugani masika, chukua, hata kirikuu zenye fowili zipo. Kama mizinga iko kando ya barabara nzuri usiongeze hela kwa sifa.

"Kilomita ndogo, gari bado mpya"

Kilomita zinarudishwa nyuma, hilo kila mtu anajua ila dalali akisema elfu sitini tunaamini tu. Angalia raba za pedali, angalia usukani ulivyong'aa, siti ya dereva ilivyobonyea. Kwa kazi ya nyuki mimi kilomita naziweka chini kabisa, najali zaidi starta, betri, rejeta na feni. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, shika boneti (kwenye kirikuu injini iko chini ya siti, utanyanyua siti), ukikuta ni ya moto jua kuna kitu kinafichwa. Iwashe ikiwa baridi, iache iungurume dakika ishirini mchana wa jua, subiri uisikie feni inaingia, halafu zima na uwashe hapo hapo. Gari nyingi zilizochoka zinagoma kuwaka zikiwa za moto. Na wewe ndo hutaki hiyo, maana ukisimama na mzigo ambao kuna nyuki wamening'inia nje, ushauri wa wanaohamisha mizinga ni usizime injini, mtetemo unawafanya wabaki kwenye mizinga, ukizima wanaanza kutoka kukagua kuna nini.

Kisha ijaribu na mzigo. Mifuko sita ya saruji ni kilo 300, pakia, tafuta mlima, kama uko njia ya Singida kwenda Nzega ule wa Sekenke unatosha kukuambia ukweli wote wa rejeta. Jicho lisitoke kwenye geji ya joto.

"Ongeza majani ya springi iwe ngumu, ibebe vizuri"

Kwa mahindi sawa. Kwa nyuki gari ngumu kwenye makorogesho inarusha mizinga juu, masega mapya meupe ndo yanakatika ya kwanza. Bahati mbaya pikapu nyingi za mtumba zimeshaongezwa majani, chungulia chini uhesabu, linganisha kushoto na kulia, moja likionekana jipya kuliko wenzake uliza liliwekwa lini na kwa nini. Weka ndoo ya maji nusu nyuma, endesha barabara ya vumbi taratibu, uone maji yanarukaje. Shokapu zilizovuja utaona mafuta na vumbi vimeganda juu yake. Ukiwa chini huko angalia na ekzosi, ikiwa imetoboka chini ya bodi moshi wote unaingia kwenye mizinga usiku kucha.

"Bodi chafu si unaosha tu"

Sasa hapa watu wa Tabora tuelewane. Kuna gari zimezunguka na wakulima wa tumbaku misimu kadhaa, zimebeba madawa ya kuulia wadudu, na dawa ikimwagikia mbao za bodi inanywewa. Nyuki ni mdudu, dawa haimchagulii. Nusa mbao, nusa kona, uliza ilikuwa inabeba nini na ukijibiwa "mizigo tu mchanganyiko" endelea kuuliza. Ya samaki na ya mafuta ya taa nayo ni mtihani maana asali inashika harufu. Kama bei ni nzuri sana ng'oa mbao zote weka mpya, bodi ya bati ni rahisi zaidi, sabuni na maji mengi. Hakikisha ina vishikizo vya kufungia mikanda pembeni na havijaoza kutu.

Rangi ya gari watu wanabishana sana, usiku haina maana yoyote. Taa ndo za kuangalia, kwa sababu safari yako ni ya usiku, na wakati wa kupakia tumia tochi ya mwanga mwekundu, nyuki hawaoni nyekundu. Toyo za matairi matatu je? Kwa mizinga mitupu sawa kabisa, kwa yenye nyuki umekaa wazi bila kebini halafu mtetemo wake ni mkubwa mno.

"Mfugaji lazima awe na gari yake"

Wafugaji wetu wengi hata hawahamishi nyuki, wanatundika mizinga mitupu porini na kusubiri nyuki waingie wenyewe. Kama ni wewe, unachobeba ni mizinga mitupu ukienda na asali ukirudi, na ndoo ya lita 20 ikijaa asali inafika kilo 28, ndoo kumi na mbili kirikuu imejaa. Anayehamisha kufuata alizeti ikichanua Singida anasafiri mara mbili, kupeleka na kurudisha, akodi tu. Ila mwenye gari mwambie mapema kabisa ni nyuki, usimwambie "mzigo" halafu aje akute mizinga inanguruma, atageuza gari usiku huo huo akuache porini na milango umeshaziba.