Swali zuri la chemsha bongo hubeba kipimo chake

Ziwa kubwa kuliko yote Afrika ni lipi? Uliza hivyo mbele ya timu mbili, moja ijibu Victoria na nyingine Tanganyika, na mtunzi wa swali hana budi kuzipa zote mbili alama. Mimi ni mtunzi wa maswali ya chemsha bongo, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuziba mianya ya namna hii kabla swali halijafika kwa washiriki.

Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Miongoni mwa maziwa yasiyo ya chumvi duniani, ni Superior la Amerika Kaskazini pekee linalolizidi kwa upana. Tanganyika halifikii hata nusu ya eneo hilo. Ila ukishuka chini, hesabu inageuka: Victoria lina kina cha mita 80 hivi pale linapozama zaidi, wakati Tanganyika linafika kama mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi. Victoria ni sinia, Tanganyika ni mtungi. Maji ya Tanganyika ni zaidi ya mara sita ya yale ya Victoria! Hilo linatokana na umbo la ardhi yenyewe. Tanganyika limelala ndani ya mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, ambako ardhi ilipasuka ikadidimia, na Victoria limetanda kwenye bonde pana lililo kati ya mikono miwili ya Bonde hilo. Kwa hiyo naandika "lenye eneo kubwa zaidi" au "lenye maji mengi zaidi", na ubishi unakwisha hapo hapo.

Mlima ndio ninaoupenda zaidi. Everest una mita 8,849, lakini ni kutoka usawa wa bahari. Dunia yetu si duara kamili, imefura kidogo kwenye Ikweta, hivyo anayesimama karibu na Ikweta yuko mbali zaidi na kitovu cha dunia hata kabla hajaanza kupanda. Kwa kipimo hicho bingwa ni Chimborazo wa Ekuado, wenye mita zisizofika 6,300 juu ya bahari. Na Kilimanjaro? Uko kama nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta, ilhali Everest uko karibu nyuzi 28 kaskazini. Kilele cha Uhuru, chenye mita 5,895, kiko mbali na kitovu cha dunia kuliko kilele cha Everest kwa zaidi ya kilomita moja. Natamani kila mtoto wa Moshi alijue hilo.

Maswali ya "wa kwanza" yanahitaji uangalifu zaidi. Wengi wamezoea kuuliza nchi ya kwanza Afrika kupata uhuru, wakisubiri jibu liwe Ghana, 1957. Lakini Liberia ilijitangazia uhuru 1847, Libya ikapata wake 1951, na Sudan 1 Januari 1956. Hata ukiongeza "kusini mwa Sahara", shabiki makini atakuuliza Sudan unaiweka upande gani. Mimi huuliza hivi: koloni lipi la Uingereza lililoitwa Gold Coast lilipata uhuru 1957, na kwa jina gani?

Miji mikuu nayo huchacha. Karatasi ya zamani inayosema mji mkuu wa Burundi ni Bujumbura itupwe, maana makao makuu ya kisiasa sasa ni Gitega.

Kisha kuna vita vya Zanzibar vya 27 Agosti 1896, vinavyotajwa kuwa vifupi kuliko vyote katika historia. Mizinga ya manowari za Uingereza ilianza kulipiga kasri la sultani muda mfupi baada ya saa tatu asubuhi. Vilidumu dakika ngapi? Wengine huandika 38, wengine 45, kutegemea wanavyohesabu mwanzo na mwisho wake. Kumnyima mtu alama kwa tofauti hiyo ni dhuluma. Naziacha dakika, naomba jina la sultani aliyekimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani siku hiyo: Khalid bin Barghash.