Potasiamu Ikiwa Sawa, Usiseme Adrenali Ni Nzima

Hii ni mara ya tatu tangu mvua zianze kupokea barua ya rufaa yenye sentensi ileile kuhusu adrenali, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo: "Potasiamu 4.2, tatizo la adrenali halipo." Safari hii ni dada anayeuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Anatapika siku ya nne, presha 80 kwa 50, sukari imeshuka, sodiamu nayo imeshuka hadi 126. Malaria imepimwa mara mbili, hakuna. Uso wake ni mviringo, mikono imekonda. Nikamuuliza alikuwa anameza nini.

"Deksa tu, daktari. Za kunenepa." Deksa ni deksamethazoni, steroidi kali ya vidonge.

"Na sasa?"

"Niliacha wiki iliyopita. Niliambiwa ni mbaya."

Wenzangu, imetosha. Adrenali haina bosi mmoja. Medula, sehemu yake ya ndani, niiweke kando, maana adrenalini si steroidi. Gamba, sehemu ya nje, lina matabaka matatu, yote huanzia kwenye kolesteroli ileile, na kinachoyatofautisha ni vimeng'enya. Glomerulosa, ya nje kabisa, ndiyo yenye kimeng'enya cha kukamilisha aldosteroni, homoni inayobakiza chumvi na kutoa potasiamu; haina kimeng'enya cha 17-haidroksilesi, hivyo kotisoli haiwezi kuitoa hata ikisukumwa vipi. Fasikulata, ya katikati na nene kuliko zote, hutoa kotisoli, homoni inayoshikilia presha na sukari mwili unapozidiwa. Retikularisi, inayopakana na medula, hutoa DHEA na jamaa zake, homoni dhaifu za aina ya kiume.

Hayo mnayajua. Mnachosahau ni nani anayeamuru. Fasikulata na retikularisi husikiliza ACTH, homoni ya pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, na ACTH ikikauka haziishii kunyamaza, husinyaa. Glomerulosa husikiliza hasa angiotensini II, homoni ambayo mwanzo wake ni renini, kimeng'enya cha figo, na husikiliza potasiamu yenyewe: potasiamu ikipanda, aldosteroni hupanda, figo huitoa kwenye mkojo. ACTH huisukuma pia, ila kwa muda mfupi.

Sasa mtu ameze deksamethazoni kila siku kwa miezi. Ubongo unaona steroidi imejaa, pituitari inaacha kutuma ACTH, fasikulata inasinyaa. Glomerulosa bado inaamriwa na figo, haina habari. Siku anapoacha vidonge ghafla, kotisoli hakuna, aldosteroni ipo. Potasiamu ipande kwa sababu gani? Ile 4.2 inasema glomerulosa inafanya kazi. Juu ya fasikulata haisemi neno lolote!

Potasiamu hupanda pale tezi yenyewe inapoharibiwa, matabaka yote kwa pamoja, kama kifua kikuu kinavyoweza kufanya. Huo ndio ugonjwa alioueleza Thomas Addison mwaka 1855. Mgonjwa huyo fizi na mistari ya viganja hukoleza weusi, kwa kuwa ACTH yake iko juu sana. Wa deksa hakolezi. Na sodiamu msiitumie kuwatenganisha: ya dada huyu ilishuka aldosteroni ikiwepo, kwa sababu kotisoli ikikosekana, homoni inayozuia mkojo hutoka bila breki na maji hubaki mwilini.

Tulimpa haidrokotisoni, yaani kotisoli kama dawa, miligramu 100 kwenye mshipa, dripu ya chumvi na glukosi, bila kusubiri majibu ya kotisoli. Jioni alikuwa ameketi, anaomba uji. Fludrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya aldosteroni, hakuihitaji, na sababu ni ileile ya matabaka.

Ninapopata shida ni baadaye. Kuandika "punguza dozi polepole" ni rahisi. Kujua fasikulata imeamka lini ndiyo kazi. Kotisoli ya saa mbili asubuhi ikiwa chini kabisa au juu ya kutosha, naamua. Ikiwa katikati nasita, na nimewahi kukosea. Wapo wanaoamka baada ya wiki chache, wapo ambao mwaka unapita. Retikularisi nayo husinyaa, DHEA hushuka, na hasara yake kwa mtu mzima vitabu huipita haraka mno kuliko uhakika tulio nao.

Basi ulizeni. Ulizeni deksa, ulizeni predni (prednisoloni), ulizeni na krimu za kung'arisha ngozi, kwa maana klobetasoli, steroidi kali ya kupaka, ikipakwa mwili mzima kila siku hupenya hadi kwenye damu na kuinyamazisha pituitari vilevile. Msiulize "unatumia steroidi?" Ataitikia hapana, kwa sababu kwake hizo ni za kunenepa na za kung'aa. Mwambieni azilete mezani.

Dada wa Mwaloni amerudi sokoni. Mkobani ana kadi inayosema asiache dawa ghafla, na kwamba siku ya homa dozi huongezwa. Nimeiandika kwa kalamu nyekundu.